Waziri Majivuno Kando ya Mto Tana: Mamlaka ya Wasiochaguliwa katika Kusadikika

1. Swali lenyewe

Riwaya ya Kusadikika, iliyotungwa na Shaaban Robert na kuchapishwa mwaka 1951, imezoeleka kusomwa kama istiari ya utawala wa kikoloni. Nchi iliyo angani huchukuliwa kuwa Tanganyika, mfalme huchukuliwa kuwa mkoloni, na Karama huwa sauti ya wanyonge wanaodai sheria. Usomaji huo una msingi, wala hakuna haja ya kuubatilisha. Hata hivyo una upungufu mmoja mkubwa. Humtazama mfalme kana kwamba yeye ndiye kiini cha mamlaka yote. Hivyo, siku mfalme anapoondoka na mahali pake kukaliwa na watu waliopigiwa kura, riwaya hubaki kuwa kumbukumbu ya dhiki iliyokwisha pita.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba moyo wa riwaya hauko kwa mfalme bali kwa waziri. Waziri Majivuno hakuchaguliwa na mtu ye yote, wala hakurithi kiti cha enzi. Lakini ndiye anayeshitaki, na ndiye anayelipa jambo jina kabla halijafika masikioni mwa mkuu wa nchi. Kwa sababu hiyo swali linaloulizwa mara kwa mara katika nchi zetu, yaani kama watumishi wasiochaguliwa wana nguvu kuliko wanasiasa waliochaguliwa, lilikwisha kuulizwa na Shaaban Robert kabla Tanganyika haijafanya uchaguzi wake mkuu wa kwanza wa mwaka 1958 na 1959.

Ili hoja hii isibaki ikielea angani kama nchi ya Kusadikika yenyewe, itapimwa kwa mahali pamoja duniani: Nanighi, kando ya Mto Tana, kaskazini ya Bura, katika sehemu kame ya Kenya ambako maji ya mto ndiyo uhai. Huko, mwenye kuamua maji yaende wapi ndiye mwenye kutawala, aitwe jina lo lote lile.

2. Neno "serikali"

Yafaa kuanza na lugha, kwa kuwa lugha huhifadhi mambo ambayo wasemaji wake wamekwisha kuyasahau. Neno "serikali" lina asili ya Kiajemi: "sar", maana yake kichwa, na "kar", maana yake kazi. Kwa asili yake, basi, serikali ni mkuu wa kazi, yaani msimamizi. Halikuwa jina la mtu aliyewekwa na watu ili awasemee; lilikuwa jina la mtu aliyewekwa juu ya watu ili awasimamie. Neno "siasa" nalo lilitoka katika Kiarabu, na katika mizizi yake lina maana ya kutunza na kuongoza, kama mtu anavyomwongoza farasi.

Neno "diwani" lina historia ya kupendeza zaidi. Asili yake ni daftari na ofisi ya madaftari. Katika miji ya pwani ya Mrima liligeuka kuwa cheo cha mtawala wa mji. Baadaye likawa jina la mjumbe aliyechaguliwa katika halmashauri. Na wakati huo huo likabaki kuwa jina la kitabu cha mashairi. Neno moja limembeba karani, mtawala, mjumbe na mshairi. Hali hiyo yaonyesha jinsi mpaka baina ya anayeandika na anayetawala ulivyokuwa mwembamba tangu zamani: mwenye daftari alikuwa karibu sana na mwenye fimbo.

Hatusemi kwamba asili ya neno ndiyo hatima yake. Maneno hubadilika, na "serikali" ya leo inaweza kumaanisha utawala wa watu wenyewe. Lakini sikiliza jinsi neno hilo linavyotumika vijijini. Mkulima asemapo kwamba "serikali imekuja", mara nyingi hamaanishi kwamba mbunge wake amefika. Amaanisha kwamba limefika gari la ofisa, pamoja na chifu na askari. Mbunge huitwa "mheshimiwa", jina la adabu. Ofisa huitwa "serikali", jina la nguvu. Katika matumizi hayo ya kila siku wananchi wamekwisha kujibu swali la makala haya bila kuandika makala.

3. Majivuno na uwezo wa kushitaki

Katika Kusadikika, Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuanzisha elimu ya sheria. Inafaa kuzingatia mpango wa kesi hiyo. Anachokijua mfalme kuhusu Karama, mwanzoni mwa kesi, ni kile kilichosemwa na mshitaki. Mfalme ana uwezo wa kuua na kuachilia, lakini hana macho yake mwenyewe. Macho yake ni waziri. Mamlaka ya Majivuno, basi, si ya upanga. Ni mamlaka ya taarifa.

Wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, walitumwa katika nchi za jirani, mbinguni na ardhini ili kuleta mambo yenye faida. Waliporejea na habari ya mema waliyoyaona, malipo yao yakawa kifungo. Hapa mwandishi anatuonyesha mgongano wa taarifa mbili: taarifa ya mtu aliyekwenda akaona, na taarifa ya mtu aliyebaki karibu na kiti. Katika Kusadikika ya pili hushinda. Aliyesafiri hufungwa, na aliyekaa huaminiwa. Neno "mjumbe" lenyewe lina uzito wake, kwani ndilo tulilolitwaa baadaye kumwita mtu anayetumwa na watu kwenda kuwasemea barazani. Msomaji wa leo hawezi kulisoma bila kujiuliza wajumbe wake mwenyewe hufika wapi na habari wanazozipeleka.

Hapana shaka kwamba Shaaban Robert aliyajua mambo hayo kutoka ndani. Aliajiriwa kuwa karani wa serikali ya kikoloni katika idara ya forodha mwaka 1926, akaitumikia hadi mwaka 1944, kisha akaendelea katika idara nyingine za serikali. Maisha yake ya kazi yalipita katikati ya mafaili. Karani huona jambo ambalo mwananchi wa nje halioni: kwamba amri kubwa huanza kama sentensi ndogo iliyoandikwa na mtu asiyejulikana, ikapanda ngazi baada ya ngazi mpaka ikatiwa sahihi na mkubwa ambaye pengine hakuisoma yote. Majivuno ni picha ya mfumo huo iliyovikwa joho la waziri.

4. Hola: taarifa na maji

Ushahidi mchungu wa mamlaka ya taarifa ulitokea katika bonde hilo hilo la Tana, miaka minane baada ya Kusadikika kuchapishwa. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, mahabusu waliolazimishwa kufanya kazi katika mradi wa kunyunyizia mashamba maji walipigwa na walinzi, na watu 11 wakafa. Mpango wa kuwalazimisha kazi ulikuwa umeandikwa na ofisa wa magereza, ukapitia ofisini na kukubaliwa. Taarifa ya kwanza ya serikali haikutaja vipigo. Ilisema kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji.

Katika nchi kame, ambako maji ni rehema, ofisa aliyaandikia maji kosa la rungu. Laiti Shaaban Robert angeliliweka tukio hilo katika kinywa cha Majivuno, wako wahakiki ambao wangelisema ametia chumvi. Uchunguzi wa vifo ndio uliofichua kwamba watu hao walikufa kwa kupigwa.

Wakati huo palikuwa na watu waliochaguliwa. Tangu Machi 1957 wajumbe wanane Waafrika waliopigiwa kura walikuwa wamekaa katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Walikuwa na sauti, lakini funguo za kambi hazikuwa mikononi mwao. Na huko Uingereza, Barbara Castle wa upande wa upinzani, na hata Enoch Powell wa chama kilichokuwa kikitawala, waliishambulia serikali katika mjadala wa Bunge wa Julai 1959. Mjadala huo wapasa kupewa haki yake: bila ya watu waliochaguliwa, habari ya maji ya Hola ingelibaki kuwa ndiyo historia. Lakini pia haifai kuutukuza kupita kiasi. Hakuna aliyefikishwa mbele ya mahakama ya jinai kwa vifo vile. Waliochaguliwa waliweza kuisahihisha taarifa. Hawakuweza kumwajibisha aliyeiandika.

Jambo la mwisho lililofuata linahusu lugha moja kwa moja. Jina la Hola lilifutwa katika karatasi za serikali, na mji ukaitwa Galole. Ulirudishiwa jina lake mwaka 1971, katika Kenya huru. Hata hivyo jimbo la uchaguzi limeendelea kuitwa Galole. Hivyo mtu aliyechaguliwa na watu huingia Bungeni akilibeba jina ambalo liliwahi kutumiwa na maofisa kufunika aibu yao. Mshairi angelitafuta kejeli kali kuliko hiyo asiipate.

5. Nanighi na ufunguo wa maji

Inaweza kudaiwa kwamba Hola ni habari ya ukoloni, na kwamba uhuru uliyabadilisha mambo. Ndiyo maana Nanighi ina umuhimu wa pekee katika hoja hii.

Mwaka 1977 Serikali ya Kenya, kwa fedha za Benki ya Dunia pamoja na wafadhili wengine, iliingia katika mradi mkubwa wa kunyunyizia mashamba maji huko Bura. Ilikusudiwa kulima hekta 6,700 na kuzikalisha huko familia zaidi ya 5,000, zao kuu likiwa pamba. Gharama zilipanda, mpango ukapunguzwa, na hatimaye zikalimwa hekta zipatazo 2,500 tu. Maji yalivutwa kutoka mtoni kwa pampu zilizowekwa Nanighi. Zilikusudiwa kuwa za muda, kwa matumaini kwamba baadaye maji yangeteremka yenyewe kwa mfereji. Muda huo ukawa miaka mingi. Pampu zilipoharibika au zilipokosa mafuta, pamba ilikauka Bura. Na kazi ya mfereji wa mteremko ilingoja mpaka muongo wa 2010.

Mwanafasihi na ajiulize: katika hadithi hii, nani mfalme na nani waziri? Mkulima wa Bura alikuwa na mbunge wake na diwani wake, na kila baada ya miaka mitano alipiga kura. Lakini shamba hakulimiliki. Alilima kwa kibali. Kanuni za miradi hiyo, zilizotolewa mwaka huo huo wa 1977, zilimtaka mwenye kibali afuate maagizo ya meneja kuhusu zao la kupanda na namna ya kulitunza, na asiyetii aliweza kunyang'anywa kibali. Mbunge aliweza kuahidi maji katika mkutano. Hakuweza kuwasha pampu. Meneja aliweza kuagiza pamba ipandwe. Lakini fedha za vipuri hazikuwa mikononi mwake peke yake. Na waliopima kama mradi uendelee au upunguzwe walikuwa wataalamu waliokaa Nairobi na Washington, ambao hakuna mpiga kura ye yote wa Tana aliyewahi kuwaona kwenye sanduku la kura.

Tena, mamlaka juu ya maji hayakuanzia Nanighi. Mto Tana hutoka katika milima ya katikati ya Kenya, na juu yake yamejengwa mabwawa ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Wapokomo tangu zamani walilima kwa kufuata mafuriko ya mto, na Waorma waliwaleta ng'ombe wao mtoni wakati wa kiangazi. Mpango wa mafuriko hayo sasa hutegemea pia milango ya mabwawa, inayofunguliwa na kufungwa mamia ya kilomita kutoka kwa mkulima. Anayeufungua mlango huo si mwovu. Pengine anafanya kazi yake kwa uaminifu mkubwa, ili miji ipate umeme. Hata hivyo hakuna kikao ambamo mkulima wa chini ya mto anaweza kumkabili na kumwuliza. Hapo ndipo Majivuno wa kisasa anapotofautiana na yule wa riwaya: hana haja ya kuwa na majivuno. Anatosha kuwa mbali.

6. Nguvu na udhaifu wa jibu la Shaaban Robert

Isidhaniwe kwamba dawa ni kumtukuza mwanasiasa. Uhodari wa mtaalamu ni kitu cha lazima. Pampu haiwashwi kwa hotuba, na bwawa halijengwi kwa kura. Wala waliochaguliwa si malaika. Waliochaguliwa wa bonde la Tana walikuwapo pia katika mwaka 2012, wakati zaidi ya watu 100 walipouawa katika mapigano ya Waorma na Wapokomo karibu na Garsen na vijiji vya delta, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu. Kura pekee haikuwalinda watu hao. Wahenga walisema kwamba aliye juu mngoje chini. Methali hiyo inamfaa mwanasiasa, ambaye siku ya kura hushuka, apende asipende. Haimfai ofisa, kwani yeye hashuki, huhamishwa. Watu waliochoka naye hufurahi siku anapoondoka, kumbe amekwenda kuwa juu ya watu wengine.

Wala isidhaniwe kwamba kabla ya wageni palikuwa na utawala wa wazi usio na mafumbo. Wapokomo walikuwa na baraza la wazee la Kijo, na ishara ya mamlaka yake ilikuwa ngoma kuu iitwayo ngadzi. Wasioingizwa katika Kijo waliisikia sauti yake bila ya kuiona. Hayo nayo yalikuwa mamlaka yasiyopigiwa kura. Lakini wazee hao walikaa kando ya mto ule ule, wakanywa maji yale yale, na njaa ilipoingia kijijini iliingia na kwao. Mwaka 1902 maofisa wa Kiingereza waliichukua ngoma hiyo, na ikapelekwa katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Tangu hapo sauti ya mamlaka haikutoka tena mahali ambapo masikio yangeweza kuifuata.

Katika mwanga huo, jibu la Shaaban Robert lina nguvu na lina udhaifu. Udhaifu wake ni imani yake kubwa katika sheria. Karama anaamini kwamba sheria ikifundishwa, dhuluma itakoma. Lakini kanuni za mwaka 1977 zilikuwa sheria, na sheria hiyo ndiyo iliyompa meneja uwezo juu ya mkulima. Sheria inaweza kuwa kalamu ya Majivuno sawasawa na inavyoweza kuwa ngao ya Karama. Tena mwisho wa riwaya ni mwema kwa sababu mfalme alisikiliza akakubali. Angelikataa, ufasaha wote wa Karama ungelikwenda naye kaburini. Haki inayotegemea masikio ya mtu mmoja bado ni hisani.

Nguvu yake haimo katika mahubiri ya riwaya bali katika umbo lake. Kusadikika ni kesi. Kwa muda wa siku sita mshitakiwa anasema, na mshitaki analazimika kukaa na kusikiliza. Taarifa ya waziri haifutwi kwa nguvu. Inajibiwa na yule yule aliyetajwa ndani yake, mbele ya mkuu na mbele ya watu. Wahakiki wengine wameona urefu wa utetezi huo kuwa kasoro ya fani, wakisema kwamba hotuba zimezidi matendo. Hukumu hiyo yafaa kufikiriwa upya. Katika nchi ambayo mamlaka ni taarifa, kujibu ndiko kutenda. Mwandishi hakushindwa kutunga vitendo. Alitambua kitendo gani kilikuwa kimekatazwa.

7. Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, na serikali za kaunti zilizochaguliwa mwaka 2013, zilisogeza sehemu ya fedha na maamuzi karibu na watu wa Tana. Hilo si jambo dogo. Lakini pembeni ya gavana aliyechaguliwa yuko kamishna wa kaunti aliyeteuliwa, na chini yake chifu aliyeajiriwa; na mto ungali unapita katika kaunti nyingi kabla haujafika Nanighi, ukisimamiwa na mashirika ambayo wakuu wake hawapigiwi kura.

Kwa hiyo swali la nani ana nguvu zaidi, aliyechaguliwa au asiyechaguliwa, halijibiwi kwa kuhesabu vyeo. Hujibiwa kwa kuuliza nani anaandika taarifa, nani anashika ufunguo, na kama yule anayeandikwa anaruhusiwa kujibu. Kwa kipimo hicho, katika bonde la Tana, asiyechaguliwa amekuwa mwenye nguvu zaidi kwa muda mrefu. Si kwa kuwa ni mbaya zaidi, bali kwa kuwa hakuwekewa siku ya kusikiliza. Kusadikika iliweka siku sita. Mkulima wa Bura ambaye pamba yake ilikauka huku akingoja maji kutoka Nanighi hakupewa hata moja.